Mvumbuzi na Mwenye Kuboresha: Fundisho la Kiwanda cha Gütersloh

Katika madarasa yetu, historia ya sayansi hufundishwa mara nyingi kama orodha ya wavumbuzi. Mwanafunzi wa kidato cha pili huweza kueleza bila kusita kwamba mashine ya mvuke ni ya James Watt na taa ya umeme ni ya Thomas Edison. Huyakariri majina hayo pamoja na miaka yake, huyaandika katika karatasi ya mtihani, akapata alama zake, akayasahau.

Maoni yangu ni kwamba orodha hiyo, hata pale isipokuwa na uongo, ina upungufu mkubwa. Humfunza kijana kwamba sayansi ni jambo la ghafla linalomshukia mtu mmoja mwenye kipaji kisicho cha kawaida, tena katika nchi ya mbali. Kadhalika, humfanya aidharau kazi ya kuchukua kitu kilichokwisha vumbuliwa, kukichunguza, kukipima, kuitambua kasoro yake na kukifanya kiwe bora kuliko kilivyokuwa. Yafaa tukumbuke kwamba Watt mwenyewe hakuwa wa kwanza. Mashine ya mvuke ya Thomas Newcomen ilikuwa ikivuta maji migodini tangu mwaka 1712. Watt, akiwa fundi wa vyombo katika Chuo Kikuu cha Glasgow, alipewa mfano mdogo wa mashine hiyo katika majira ya baridi ya mwaka 1763 ili autengeneze, naye akaona jinsi joto lilivyokuwa likipotea bure. Basi yule tunayemfundisha kama mvumbuzi alianza kazi yake kama mrekebishaji.

Ili hoja hii isibaki katika maneno matupu, nimechagua historia ya kiwanda kimoja cha vyombo vya jikoni na vya kazi za nyumbani, kilichoanzishwa na watu wawili na ambacho mpaka leo kinamilikiwa na koo zao mbili. Nacho ni kiwanda cha Miele, chenye makao yake makuu katika mji wa Gütersloh, sehemu za Westfalia, kaskazini-magharibi ya Ujerumani. Nimekichagua kwa sababu karibu hakuna hata kimoja katika vitu vya mwanzo vilivyokipatia sifa ambacho asili yake ilikuwa hapo. Karibu vyote vilikuwapo kabla. Kilichofanyika Gütersloh ni kuviboresha, na kuboresha huko kumeendelea kwa zaidi ya miaka 120.

Maziwa na mzunguko

Hadithi yenyewe inaanza na maziwa. Maziwa mabichi yakiachwa yatulie chomboni, mafuta yaliyomo hupanda juu yakafanya tabaka la malai. Sababu yake ni tofauti ya densiti. Densiti ya mafuta ya maziwa ni takriban gramu 0.93 kwa kila sentimita moja ya ujazo, ambapo ile ya maziwa yaliyotolewa mafuta ni takriban gramu 1.035. Kilicho chepesi huelea juu ya kilicho kizito. Lakini mafuta hayo yamo katika chembe ndogo mno. Kipenyo cha chembe ya wastani ni kama sehemu tatu au nne kati ya elfu moja za milimita. Chembe ndogo kiasi hicho hukinzwa sana na kiowevu kilichoizunguka, na tukiikokotoa kasi yake kwa kanuni ya Stokes tutaona kwamba chembe iliyo peke yake hupanda kiasi cha milimita moja unusu tu kwa saa.

Kwa hiyo mkulima wa Ulaya wa karne ya 19 aliyetaka kutengeneza siagi alilazimika kuyaacha maziwa usiku kucha, au hata siku nzima, kabla ya kuengua malai. Wakati wa joto maziwa hayo yaliweza kuchacha kabla kazi haijakwisha, na mafuta mengine yalibaki ndani bila kupanda.

Mnamo mwaka 1878 mhandisi wa Sweden, Gustaf de Laval, alionyesha njia nyingine. Badala ya kuungoja mvutano wa dunia, aliyazungusha maziwa kwa kasi kubwa ndani ya bakuli la chuma. Katika mzunguko, kilicho kizito husukumwa kwenda pembezoni na kilicho chepesi hubaki karibu na mhimili. Maziwa yaliyotolewa mafuta yakatokea upande mmoja, malai upande mwingine, na kazi ikaendelea mfululizo bila kuisimamisha mashine.

Naomba mwalimu wa fizikia ayafanye mahesabu yafuatayo pamoja na wanafunzi wake. Tuchukue bakuli lenye nusu kipenyo cha sentimita 5, linalozunguka mara 6,000 kwa dakika. Hiyo ni mara 100 kwa sekunde, sawa na radiani 628 hivi kwa sekunde. Mraba wa 628 ukizidishwa kwa mita 0.05 hutupatia mchapuko wa takriban mita 19,700 kwa sekunde mraba. Mchapuko wa mvutano wa dunia ni mita 9.8 kwa sekunde mraba. Maana yake ni kwamba ndani ya bakuli hilo chembe ya mafuta husukumwa kwa nguvu ambayo ni kama mara 2,000 ya ile inayoipandisha katika chombo kilichotulia. Mwendo uliokuwa wa milimita moja unusu kwa saa sasa unakaribia milimita moja kwa sekunde. Kazi ya usiku mzima inamalizika katika muda mfupi sana.

Lakini mahesabu hayo hayo yanatufunulia tatizo. Ikiwa upande mmoja wa bakuli umezidi mwingine kwa gramu moja tu, gramu hiyo nayo itavuta mara 2,000, yaani kama uzito wa kilo 2, tena ikibadili mwelekeo mara 100 kwa kila sekunde. Mhimili utatikisika, beringi zitalika, na hatimaye mashine itavunjika. Kanuni ya de Laval ingeweza kuandikwa katika ukurasa mmoja wa daftari. Kulichonga bakuli lisilo na gramu moja ya ziada upande wowote, na kulichonga hivyo mara elfu moja bila kukosea, ni elimu nyingine kabisa.

Watu wawili katika kinu cha zamani

Tarehe 1 Julai 1899, katika kijiji cha Herzebrock, Carl Miele na Reinhard Zinkann walifungua karakana ya kutengeneza mashine za kutenga malai. Jengo lao lilikuwa kinu cha zamani cha kusagia nafaka, na wafanyakazi wao walikuwa 11. Miele alishughulikia ufundi, na Zinkann alishughulikia biashara. Kwa kuwa de Laval alikuwa ameionyesha mashine yake zaidi ya miaka 20 kabla, na viwanda vingine vilikuwa vikiuza mashine za namna hiyo, hakuna aliyewangoja watu hawa wawili. Juu ya mashine zao za kwanza waliandika maneno mawili ya Kijerumani, Immer besser, ambayo maana yake ni "daima bora zaidi".

Mtu anaweza kuyacheka maneno hayo na kuyaona kama ya kila mfanyabiashara anayeisifu bidhaa yake. Hata hivyo, tuyatazame kwa makini. Hayasemi kwamba mashine hii ni bora kupita zote. Yanasema kwamba mashine ya kesho itaipita ya leo. Hiyo ni ahadi ngumu zaidi, kwa sababu anayeitoa anakiri kwamba kazi yake ya leo ina kasoro, na anajifunga kuitafuta kasoro hiyo.

Baada ya mashine za malai zikafuata mashine za kusukia siagi. Hapa sayansi ilibadilika. Malai yana chembe za mafuta zilizofunikwa kila moja kwa utando mwembamba. Yakisukwasukwa kwa muda wa kutosha, utando huo hupasuka, chembe zikashikamana, na siagi ikajitenga na maji yake. Wafugaji wetu wanaotikisa maziwa katika kibuyu wanaitumia kanuni hiyo hiyo, na kila mama aliyewahi kufanya kazi hiyo anafahamu kwamba maziwa ya moto kupita kiasi hayatoi siagi njema, na ya baridi kupita kiasi humchosha msukaji. Mashine ya kusukia siagi ilikuwa pipa la mbao lenye mapangaboi ndani yake na mpini wa kuzungushia nje.

Kutoka pipa la siagi hadi pipa la nguo

Mwaka 1901 ilitokea mashine ya kwanza ya kufulia nguo yenye jina la Miele. Ukiitazama picha yake utaona pipa la mbao la mwaloni lililosimama juu ya miguu, lina kifuniko, na juu ya kifuniko pana mpini na gia zinazougeuza mti wenye vidole ndani ya pipa. Hapana shaka kwamba huyo ni ndugu wa pipa la siagi. Watengenezaji walikuwa wamekwisha jifunza namna ya kuunda pipa lisilovuja, namna ya kuungeuza mwendo wa mkono uwe mwendo wa kwenda na kurudi, na namna ya kuzuia chuma kisiote kutu ndani ya maji. Ujuzi ule ule ukahamishwa kutoka malai hadi mashuka.

Hapa ndipo ninapotaka mwanafunzi atulie kidogo. Mashine za kufulia zilikuwapo kabla ya mwaka 1901 katika nchi mbalimbali. Kilichoiwezesha karakana hii ndogo kuingia katika kazi hiyo ni ujuzi uliokuwa umekwisha kaa mikononi mwa mafundi wake, ambao ulingojea tu mtu atambue kwamba tatizo la pili linafanana na la kwanza. Kutambua mfanano wa namna hiyo ni tendo la kisayansi kamili. Ndiyo kazi ile ile anayoifanya mwanafizikia anapoona kwamba mwendo wa mwezi na mwendo wa embe linaloanguka ni jambo moja.

Miaka mingi baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1950, mkemia wa Kijerumani Herbert Sinner alieleza kwamba ufuaji wa nguo hutegemea mambo manne: kemia ya sabuni, joto la maji, msuguano, na muda. Ukipunguza moja, huna budi kuongeza jingine. Anayefua kwa maji baridi atasugua zaidi au ataloweka kwa muda mrefu zaidi. Mashine ya mwaka 1901 iliushughulikia msuguano peke yake, maana maji ya moto yalichemshwa pembeni na mpini ulizungushwa kwa mkono. Mabadiliko yote yaliyofuata yanaweza kuelezwa kwa mambo hayo manne. Mota ya umeme ilichukua nafasi ya mkono. Kipasha-moto kikaingia ndani ya mashine yenyewe. Mwaka 1956 ikaja mashine ya Miele iliyofuata hatua zote kwa utaratibu wake yenyewe. Na mwaka 1978 hatua hizo zikaanza kuongozwa na kompyuta ndogo.

Ajabu ni kwamba mwisho wa safari hiyo tunarudi pale tulipoanzia. Mashine ya kisasa hukamua nguo kwa kulizungusha pipa lake. Pipa lenye nusu kipenyo cha sentimita 25 likizunguka mara 1,400 kwa dakika huyasukuma maji kwa nguvu ipitayo mara 500 ya mvutano wa dunia. Hayo ni mahesabu yale yale ya bakuli la malai, na tatizo ni lile lile: nguo zikirundikana upande mmoja, pipa hutikisika. Kijana aliyeielewa mashine ya maziwa amekwisha ielewa nusu ya mashine ya nguo.

Kosa la magari, na mashine iliyowahi mno

Mwaka 1907 kampuni ilihamia Gütersloh, mji uliokuwa kwenye njia kuu ya reli. Biashara ilipokua, wenyewe wakashawishika na jambo lililokuwa likiwavutia watu wengi wa wakati ule. Kati ya mwaka 1912 na 1914 walitengeneza magari. Yalitoka magari yasiyofika 150, na yalisemekana kuwa imara. Hata hivyo, kuendelea kungehitaji mtaji mkubwa mno, nao ungeondolewa katika kazi iliyokuwa ikiwalisha. Wakaacha. Baadaye walitengeneza baiskeli, na pikipiki pia, na hizo nazo ziliachwa.

Nayataja hayo kwa sababu vitabu vyetu havisemi vya kutosha juu ya kuacha. Mwanafunzi hufikiri kwamba jaribio lisilofaulu ni aibu ya kufutwa katika daftari. La hasha. Jaribio lisilofaulu ni kipimo kama vipimo vingine, na mwenye hekima hukisoma mapema kabla hakijamfilisi.

Mfano wa pili unafundisha kinyume chake. Mwaka 1929 kampuni hiyo ilitoa mashine ya umeme ya kuoshea vyombo, iliyokuwa ya kwanza barani Ulaya. Hapa pia wazo halikuwa lao. Mwanamke wa Marekani, Josephine Cochrane, wa mji wa Shelbyville katika jimbo la Illinois, alikuwa amepata hataza ya mashine ya kuoshea vyombo mwaka 1886, na mashine zake zilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya Chicago mwaka 1893. Wanunuzi wake wa mwanzo walikuwa hasa mahoteli, kwa kuwa nyumba nyingi hazikuwa na maji ya moto ya kutosha. Na mwaka 1929 ulikuwa mwaka mbaya wa kuuza chombo cha ghali, kwani mwisho wake ndipo uchumi wa dunia ulipoporomoka. Ilichukua miongo mitatu na zaidi kabla mashine hiyo haijazoeleka katika majiko ya Ulaya.

Kwa nini magari yaliachwa na mashine ya vyombo ikashikiliwa? Jibu langu ni kwamba ya pili ilikuwa ya ukoo mmoja na ujuzi waliokuwa nao: maji, joto, mota, na chombo kinachozunguka bila kuvuja. Magari yaliwapeleka mbali na ujuzi huo. Mwenda pole hajikwai, wasema wahenga. Lakini hata mwenda pole hana budi kujua njia ipi ni yake.

Mali ya koo mbili

Kampuni nyingi za aina hii zilizoanzishwa miaka ile zimekufa, au zimeuzwa, au zimebaki majina tu juu ya bidhaa za wengine. Miele imebaki mikononi mwa vizazi vya waanzilishi wake. Ukoo wa Miele una asilimia 51.1 ya mali, na ukoo wa Zinkann una asilimia 48.9. Hisa zake haziuzwi katika soko la hisa. Katika kizazi cha nne, uongozi umekuwa wa watu wawili kutoka koo hizo, Markus Miele na Reinhard Zinkann, pamoja na wakurugenzi wasio wa koo hizo. Wala si kila mjukuu anayeweza kuingia. Desturi yao humtaka awe na elimu inayofaa na awe amefanya kazi kwingine kwanza, kabla hajapimwa.

Watu wengine husema kwamba siri ya uimara ni huo umiliki wa kifamilia. Sikubaliani nao moja kwa moja. Zimekuwapo kampuni nyingi za kifamilia zilizoharibiwa na watoto wa wenye mali. Ninachokubali ni kwamba asiyelazimika kuonyesha faida kila baada ya miezi mitatu anaweza kufanya majaribio ya miaka mingi. Kampuni hii husema kwamba huzijaribu mashine zake za kufulia kwa kazi inayolingana na matumizi ya miaka 20. Tukadirie: nyumba inayofua mara 5 kwa juma itafua zaidi ya mara 5,000 katika muda huo. Kufanya jaribio la namna hiyo kwa kila mashine mpya ni gharama ambayo mnunuzi haioni siku ya kununua. Ataiona faida yake baada ya miaka 15, na mwenye haraka hawezi kuingojea siku hiyo.

Yasiyopaswa kufichwa

Ningekuwa simtendei haki msomaji kama ningeisimulia habari hii upande mmoja tu.

Kwanza, mashine hizi zilikuwa na zimeendelea kuwa za bei ya juu. Ubora unaomfikia tajiri peke yake ni ubora nusu.

Pili, ustadi hauna dhamiri yake wenyewe. Wakati wa vita vya 1939 hadi 1945, kiwanda hiki kilielekezwa katika kazi za vita, kama vilivyofanywa viwanda vingi vya Ujerumani. Mikono inayoweza kusawazisha bakuli la malai inaweza pia kutengeneza vitu vya kuua. Mwanafunzi wa sayansi hana budi kulijua hilo mapema.

Tatu, uimara wa mashine haumhakikishii mfanyakazi kazi yake. Mwezi Februari 2024, baada ya mauzo kushuka, kampuni ilitangaza mpango ulioweza kugusa hadi nafasi 2,700 za kazi duniani, pamoja na kuhamisha uungaji wa mashine za kufulia za majumbani kutoka Gütersloh kwenda Ksawerów, nchini Poland. Kwa mji ambao kwa zaidi ya karne moja mashine hizo zilikuwa fahari yake, habari hiyo ilikuwa nzito. Mali ilikuwa ya koo mbili, lakini ujuzi ulikuwa wa maelfu ya mafundi, na hao ndio waliotakiwa kuubeba mzigo.

Kwa hiyo siwaombi vijana wetu wakitukuze kiwanda hiki, wala wasitamani tu siku moja kununua bidhaa zake. Ninachowaomba ni wajifunze nidhamu ya kazi iliyomo ndani ya historia yake: kuchagua tatizo moja, kulipima, kuliboresha, kupima tena, na kutochoka.

Wajibu wetu shuleni

Jambo hili lina uzito kwetu kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni taka. Kwa mujibu wa taarifa ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024, dunia ilizalisha taka za vyombo vya umeme tani milioni 62 katika mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Chombo kinachokufa baada ya miaka miwili na kisichoweza kufunguliwa ni hasara kwa mnunuzi na ni sumu kwa ardhi. Taifa lisilo na vijana wanaoweza kufungua, kueleza kasoro, na kurekebisha, litabaki kuwa jaa la vitu vilivyokufa vya mataifa mengine.

Sababu ya pili ni moyo wa mwanafunzi mwenyewe. Kijana aliyefundishwa kwamba mwanasayansi ni mvumbuzi tu, hujitazama akaona kwamba hajavumbua kitu, wala haelekei kuvumbua, akahitimisha kwamba sayansi si yake. Laiti angeambiwa kwamba kazi kubwa ya sayansi na ufundi duniani ni kuboresha, angeona kazi yake imemzunguka pande zote, kuanzia jiko la shule hadi kisima cha kijiji.

Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu kwa walimu wenzangu.

La kwanza, kila tunapofundisha jina la mvumbuzi, tufundishe pia majina mawili: la aliyemtangulia na la aliyemfuata. Watt asisimame bila Newcomen. Edison asisimame bila Joseph Swan wa Uingereza, aliyekuwa akiishughulikia taa ya umeme katika miaka ile ile. Mwanafunzi ataona kwamba elimu ni mbio za kupokezana.

La pili, kila darasa lichague kifaa kimoja cha shule na kukiboresha katika mwaka mzima, huku likiandika vipimo. Chukueni jiko la mkaa. Pimeni gramu za mkaa zinazohitajika kuchemsha lita 2 za maji. Badilini jambo moja tu, kama vile upana wa tundu la hewa au kina cha kikaango cha makaa. Pimeni tena, na rudieni mara tatu ili kuepuka bahati. Mkipunguza gramu 20, mmefanya sayansi. Mkiongeza gramu 20, mmefanya sayansi vilevile, mradi mmeandika.

La tatu, tuwape alama wanaofungua na kueleza. Redio mbovu, feni iliyosimama, pasi iliyokatika waya, na mashine ya kusagia iliyokufa ni maabara isiyohitaji fedha za serikali. Lakini tahadhari ije kwanza. Kifaa kitenganishwe kabisa na umeme kabla hakijaguswa. Vile vyenye uwezo wa kuhifadhi umeme ndani, kama vile jiko la mikrowevu na televisheni za zamani, visifunguliwe na wanafunzi hata kidogo. Na mwalimu asiondoke katika chumba.

Mwaka 1899, wale wafanyakazi 11 wa Herzebrock hawakuwa na kitu ambacho wengine hawakuwa nacho. Mashine waliyoitengeneza ilikuwa imekwisha vumbuliwa na mtu mwingine katika nchi nyingine. Walichokuwa nacho ni maneno mawili yaliyowakataza kuridhika. Maneno hayo hayana hataza, na hayatozi ushuru bandarini. Tunaweza kuyaandika juu ya ubao wa kila darasa letu, kisha tukaanza kazi na kile kilichovunjika kilicho karibu.